Mafuta ya Kula na Bawabu wa Bandari

Hakuna nyumba katika nchi hii isiyokaanga. Tajiri akaanga, na maskini akaanga. Tofauti yao ni kwamba mmoja hununua dumu zima na mwingine hununua kipimo cha asubuhi. Mchicha wa Manyoni, samaki wa Kilwa, maandazi ya mama ntilie wa Kariakoo, vyote vyapita katika mafuta. Kwa hiyo habari ya mafuta ya kula yanayoingia nchini si habari ya wafanyabiashara na makarani wa forodha peke yao. Ni habari ya kila mwananchi mwenye jiko, na juma hili tumeona yafaa tuiseme wazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2020 Serikali ilitaja kwamba Tanzania yahitaji mafuta ya kula tani 570,000 kwa mwaka, na kwamba tuliyoyatengeneza wenyewe yalikuwa tani 205,000 tu. Zilizobaki, tani 365,000, zilitoka ng'ambo, nyingi zikiwa mafuta ya mawese ya Malaysia na Indonesia. Maana yake ni kwamba katika kila vijiko vitano vya mafuta, vitatu au zaidi vilivuka bahari.

Historia ya jambo hili yauma. Mchikichi ni mti wa Afrika. Miche minne ilipandwa Bogor, katika kisiwa cha Java, mwaka 1848, na shamba la kwanza la biashara katika Malaya likaanzishwa Selangor mwaka 1917. Mti ulitoka kwetu, ukalelewa na wengine kwa elimu na bidii, na leo sisi twapanga foleni bandarini kusubiri matunda yake, hali Kigoma michikichi imesimama tangu enzi za mababu. Wala si mara ya kwanza ardhi yetu kuitwa katika habari ya mafuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipopungukiwa na mafuta ya kula, ilileta Mpango wa Karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalikuja kwa wingi, ushauri wa wenyeji haukusikilizwa, mvua ikakataa, na mwaka 1951 mpango ukazikwa pamoja na fedha za Waingereza zipatazo pauni milioni 36. Waliutaka mpango ule kwa ajili ya vikaango vyao. Sisi leo twazungumza juu ya vikaango vyetu.

Basi, maadamu mafuta ya ng'ambo yatakuwapo mezani petu kwa miaka kadhaa ijayo, swali ni hili: nani asimama mlangoni, na anatazama nini?

Mlango wa nchi una bawabu wawili. Wa kwanza ni bawabu wa ushuru. Huyu ni forodha, iliyo chini ya Mamlaka ya Mapato, TRA, nayo hufuata Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Yeye huuliza: ni kitu gani hiki, chatoka wapi, thamani yake kiasi gani, na kinadaiwa nini? Wa pili ni bawabu wa afya. Upande wa Tanzania Bara, tangu Julai 1, 2019, kazi ya usalama wa chakula ilitolewa katika iliyokuwa TFDA ikawekwa katika Shirika la Viwango, TBS. Yeye huuliza: je, kitu hiki chaliwa? Kikiliwa, kitamdhuru mtu?

Watu wengi hudhani mabawabu hawa wawili wana kazi mbalimbali zisizohusiana. Sisi twasema sivyo. Anayemdanganya bawabu wa ushuru amekwisha kujizoeza kumdanganya bawabu wa afya, na nchi inayomwamsha mmoja na kumwacha mwingine alale itapata hasara pande zote mbili.

Natueleze jinsi shehena inavyoingia, maana asiyejua njia hawezi kumlinda msafiri. Mwagizaji wa mafuta hujiandikisha kuwa mwagizaji wa chakula. Shehena ifikapo, wakala wake wa forodha hupeleka maelezo kwa mtambo, pamoja na ankara, hati ya shehena ya meli, hati ya nchi yalikotoka mafuta, na cheti cha maabara kinachoonyesha hali ya mafuta. Forodha huhesabu ushuru juu ya bei ya mafuta ikijumlishwa bima na nauli ya meli. Kisha sampuli huchukuliwa na kupelekwa maabara.

Maabarani hutazamwa mambo ambayo jicho haliwezi kuyaona. Hupimwa asidi, kwa kuwa mafuta yaliyoanza kuharibika hupanda asidi. Hupimwa peroksaidi, ambayo ndiyo dalili ya mafuta kuanza kuchacha. Viwango vya Codex, vilivyowekwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, vyataka kipimo cha asidi cha mafuta yaliyosafishwa kisizidi 0.6, na peroksaidi isizidi 10. Hutazamwa pia kama mafuta ni yale yaliyoandikwa au yamechanganywa na mengine ya bei nafuu. Tena kanuni zetu za mwaka 2011 zililazimisha mafuta ya kula kuongezwa vitamini A, kwa ajili ya macho na nguvu ya watoto wetu. Mafuta yasiyo na vitamini hiyo hayaui mtu siku ile, lakini ni wizi unaofanyika katika mwili wa mtoto.

Sasa twende kwenye kiini. Mafuta ya ng'ambo huja kwa sura mbili: ghafi, na yaliyosafishwa. Katika orodha ya bidhaa inayotumiwa na forodha za dunia nzima, mafuta yaliyokamuliwa huitwa ghafi ikiwa hayakutendwa lolote zaidi ya kutuamishwa, kuchujwa, au kuzungushwa mashineni ili takataka zijitenge. Yakikwisha kuondolewa asidi, rangi na harufu, hayo si ghafi tena. Ghafi hutozwa ushuru mdogo, kwa sababu yanakuja kuwapa kazi watu wa viwanda vyetu. Yaliyosafishwa hutozwa ushuru mkubwa, kwa sababu kazi hiyo imekwisha kufanywa na watu wa nchi nyingine.

Mpango huo ni mzuri. Lakini tazama kishawishi kilichomo ndani yake. Bajeti ya mwaka 2018 iliweka asilimia 25 kwa mafuta ghafi na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa. Tuseme tani moja yafika bandarini kwa dola 1,000. Ghafi yatalipa dola 250, na yaliyosafishwa dola 350. Tofauti ni dola 100. Meli ikishusha tani 10,000, neno moja tu katika karatasi, neno "ghafi", lina thamani ya dola milioni moja. Ndugu wasomaji, neno lenye thamani ya dola milioni moja halifai kuachwa mikononi mwa mtu anayelipa, wala mikononi mwa karani mmoja aliye peke yake.

Wala hatusemi jambo la kufikirika. Mei 2018, kabla viwango hivyo havijaanza, mafuta yalikaa katika matangi Dar es Salaam huku watu wakibishana kama ni ghafi au yamesafishwa. Wakati ule tofauti ilikuwa kati ya asilimia 10 na 25. Jambo likafika Bungeni, Mwezi wa Ramadhani ukakaribia, bei ikapanda madukani, na mama wa nyumbani ambaye hajaona tangi hata siku moja akalipa gharama ya ubishi huo. Fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi.

Wako watakaosema: huo ni ubishi wa kodi, wahusu nini afya? Hao twawaomba watazame Uhispania mwaka 1981.

Serikali ya Uhispania ilitaka kuwalinda wakulima wake wa zeituni. Ikazuia mafuta ya mbegu moja ya jamii ya haradali yasiingizwe kwa ajili ya kuliwa. Iliyaruhusu kwa kazi za viwanda tu, na ili yasiliwe, ikaamuru yatiwe kemikali iitwayo anilini. Nia ilikuwa njema. Lakini mafuta hayo yaliyotoka Ufaransa yalikuwa rahisi, na wafanyabiashara wakaona faida. Wakayapitisha viwandani ili kuiondoa anilini, wakayatia katika madumu ya plastiki ya lita tano yasiyo na jina, wakayauza magulioni na mlango kwa mlango katika mitaa ya wafanyakazi pembezoni mwa Madrid. Mtoto wa kwanza alikufa mwanzoni mwa Mei. Watu wapatao 20,000 waliugua, na zaidi ya 300 walikufa katika miaka ya mwanzo. Wengi wa waliopona walibaki na viungo vilivyokakamaa maisha yao yote. Hata leo wataalamu hawajathibitisha ni chembe gani hasa ndani ya mafuta yale iliyoua. Mwaka 1997 mahakama ya juu ya nchi ile iliamua kwamba Serikali yenyewe yapasa kulipa fidia, kwa uzembe wa watumishi wake, na maabara ya forodha ikiwa miongoni mwa waliolaumiwa.

Twataka mafundisho matatu yaeleweke hapa. La kwanza, sheria iliyowekwa kumlinda mkulima ikikosa bawabu macho, humgeukia mlaji. La pili, kila tunapopandisha ushuru twapandisha na faida ya udanganyifu, kwa hiyo hatuna budi kupandisha na ulinzi. La tatu, waliokufa hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa dumu lisilo na jina.

Na Afrika nayo ilipigwa mapema. Mwaka 1959, Moroko ikiwa na miaka mitatu tu ya uhuru, watu wapatao 10,000, wengi wao wa mji wa Meknes na jirani zake, walipooza miguu na mikono. Wafanyabiashara walikuwa wamenunua mafuta ya mitambo ya ndege, mabaki ya kambi ya Wamarekani ya Nouasseur, wakayachanganya na mafuta ya kula. Maskini alinunua kwa sababu yalikuwa rahisi.

Asidhani mtu kwamba hayo ni mambo ya kale. Julai 2024 magazeti ya China yalifichua kwamba malori ya matangi yalibeba mafuta ya mitambo, kisha bila kuoshwa yakapakia mafuta ya kula. China ina maabara nyingi na mitambo ya kila namna. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali dogo: tangi hili lilibeba nini jana? Kanuni za Codex juu ya kusafirisha mafuta kwa wingi zaagiza kwamba meli itoe maelezo ya shehena tatu zilizotangulia katika tangi, na zina orodha ya vitu ambavyo vikitangulia tangi halifai. Zaagiza pia namna ya kuyapasha moto. Mafuta ya mawese huganda, na wakati wa kushushwa hutakiwa yawe kati ya nyuzi 50 na 55 za joto, tena yapashwe polepole, maana haraka huyaunguza. Yote haya yaweza kuandikwa katika karatasi moja. Karatasi hiyo itazamwe kabla mpira wa kushushia haujafungwa, si baada ya matangi ya nchi kavu kujaa.

Sasa tutazame kwetu, nyuma ya bandari. Mbali na meli kubwa yenye karatasi, kuna mashua isiyo na karatasi. Bandari bubu za pwani yetu, kutoka Tanga mpaka Bagamoyo na kuendelea, zimepitisha magendo ya mafuta kwa miaka mingi. Watu huona magendo ya mafuta kuwa dhambi ndogo, ujanja wa kijana anayetafuta riziki. Sisi hatuwatukani vijana wasio na kazi. Lakini dumu lililopita usiku halikupita maabara. Hapana ajuaye tangi lake, umri wake wala alichochanganya mwenye nalo. Mwenye magendo hakukwepa ushuru tu. Amekwepa na lile swali la bawabu wa afya: je, kitu hiki chaliwa?

Kisha yako mafuta ya kupima. Dumu hufunguliwa, likaachwa juani kando ya njia, na jua huharibu vitamini A na kuyachachisha mafuta. Au mtu huokota dumu lililokuwa na dawa ya shamba, akalisuuza, akalijaza. Hatutaki polisi wamfukuze mama anayeuza kipimo. Yeye auza kwa vipimo vidogo kwa sababu wateja wake wana fedha ndogo, na mteja wa shilingi chache ana haki ya mafuta safi sawasawa na mteja wa dumu. Dawa yake ni viwanda kulazimishwa kufunga chupa ndogo na vifuko vya bei ndogo, vyenye jina, tarehe na alama ya ubora. Wanaosema kwamba masharti ya usalama yatapandisha bei, twawajibu kwamba Madrid na Meknes mafuta yalikuwa rahisi.

Na mkulima je? Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilikata alizeti ya huko, na Indonesia ikafunga mafuta yake ya mawese kwa majuma kadhaa, kuanzia Aprili 28 hadi Mei 23. Bei ilipaa, nasi tukatafuta nafuu kila upande. Msimu wa 2023 wakulima wa alizeti wa Singida na Dodoma wakalia kwamba bei ya mbegu imeanguka na mafuta ya nje yamejaa. Mtu aliyesikia mwaka mmoja "lima alizeti, Serikali itakulinda", akafika sokoni mwaka wa pili akakuta mlango umefunguliwa wazi, huyo mwaka wa tatu atalima mahindi. Alizeti ni miezi minne shambani, na mchikichi wa Kigoma ni miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa. Ushuru unaobadilika kila bajeti hauwezi kuotesha mchikichi.

Wapo ndugu zetu wanaosema mafuta ya nje yapigwe marufuku kabisa. Twawaheshimu kwa uzalendo wao, ila hesabu yao haikamiliki. Nchi inayopungukiwa na tani laki kadhaa ikifunga mlango ghafla, haitapata alizeti zaidi kesho asubuhi; itapata magendo zaidi kesho usiku. Wapo na wanaosema mlango uachwe wazi, mlaji apate nafuu. Hao hawasemi siku ambayo Indonesia itafunga tena tutakaanga kwa nini. Njia iko katikati. Mlango uwe nusu wazi, kwa kipimo kinachojulikana, na bawabu wote wawili wawe macho.

Kwa hiyo twaitaka Serikali ifanye mambo matano.

Kwanza, sampuli ya kila meli ichukuliwe kwa pamoja na forodha na TBS, mbele ya mwagizaji, na itiwe lakiri katika chupa tatu: moja ya maabara, moja ya mwagizaji, moja ya akiba ikiwa utatokea ubishi. Sampuli ile ile iamue ushuru na iamue afya.

Pili, majibu yatangazwe hadharani: jina la meli, aina ya mafuta, tani, kiwango cha ushuru kilichotozwa, na hukumu ya maabara. Siri ndiyo mama wa rushwa. Kinacholiwa na watu wote hakina sababu ya kufichwa kwa watu wote.

Tatu, maabara zipewe vifaa na wataalamu wa kutosha, zifanye kazi usiku na mchana meli inapokuwa bandarini, na majibu yawe na siku maalumu. Mwagizaji mwaminifu asiadhibiwe kwa kucheleweshwa, maana kila siku ya meli kusubiri hulipiwa, na fedha hiyo humaliziwa kwa mlaji.

Nne, ushuru wa mafuta uwekwe kwa miaka mitano na utangazwe kabla ya mvua za kupandia. Msamaha wowote uwe wa tani zilizotajwa na mwezi uliotajwa, nao usitolewe wakati wa mavuno.

Tano, wakamuaji wadogo wa Singida, Iramba, Kondoa na Kibaigwa wasaidiwe kuchuja na kusafisha, kupima na kufunga. Si haki kumwambia mtu mwenye mashine moja atimize sharti la kiwanda kikubwa bila kumwonyesha njia. Wala si haki kumwachia auze mafuta mabaya kwa kuwa ni mwenzetu. Sumu haina uraia.

Nasi wanachama tuna sehemu yetu. Matawi yaliyo mikoa ya pwani yajua bandari bubu zilipo, yasinyamaze. Wenye maduka wakatae dumu lisilo na jina, hata likiwa na faida. Kina mama, ambao ndio wanunuzi, waulize muuzaji alama na tarehe bila kuona haya. Mama mmoja akiuliza ataambiwa msumbufu. Wakiuliza mia moja, muuzaji atabadilika. Na mkulima wa alizeti anapoleta mbegu kavu na safi, anayenunua asimpunje kwenye mizani, maana mizani ya wizi nayo ni magendo.

Taifa hulindwa mipakani kwa bunduki, lakini kila siku hulindwa pia na mtu aliyeshika chupa ya sampuli bandarini, asiyekubali bahasha. Mtu huyo alipwe vizuri, apewe vifaa, na siku atakapoizuia meli ya mkubwa, wananchi tusimame nyuma yake.